Watoto Kumi na Mmoja wa Uani

Kila Jumamosi alasiri kazi yangu ilikuwa moja: kupanga viti thelathini katika ukumbi wa kanisa letu, mlango wa pili kutoka kwa fundi wa matairi. Nilivipanga safu tano, viti sita kila safu, kisha nikavifuta vumbi jeusi lililokuwa likipenya kutoka kwa fundi. Kesho yake asubuhi walikuja watu tisa. Na hao tisa walikaa wapi? Nyuma kabisa, karibu na mlango, utadhani Baba alikuwa anauma.

"Baba, tupange viti kumi tu," nilimwambia siku moja. "Hivi vinavyobaki vitupu vinatucheka."

"Panga thelathini, Kasuku," alinijibu. "Mtu akija akakosa kiti, lawama ni yangu. Akiwa hakuja, lawama si yangu."

Basi nikapanga thelathini. Kasuku ni jina alilonipa Baba nikiwa mdogo, kwa sababu mdomo wangu haukujua kupumzika. Huku ugenini jina hilo nililiona kejeli tupu. Niongee na nani?

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu ni mchungaji, na makanisa ya kwetu yalikuwa yamemtuma kuhubiri katika nchi ya watu. Mama yangu ni mkunga, na huko alipata kazi katika zahanati iliyotazamana na nyumba tuliyopanga. Mdogo wangu Kifaranga, mwenye miaka sita, aliidaka lugha ya wenyeji kwa miezi miwili tu, akapata marafiki mtaa mzima. Mimi nilipofungua mdomo mara ya kwanza, watoto wa uani walicheka. Nikaufunga. Tangu siku hiyo nikitoka shule niliketi ngazini na kitabu, nikijifanya nasoma, na mwaka wa tatu ulinikuta pale pale.

Desemba ndiyo ilikuwa chungu kuliko miezi yote. Kwetu Krismasi ni makelele. Mashangazi wanagombea jiko, wajomba wanasimulia hadithi zile zile za mwaka jana, binamu watano mnalala kitanda kimoja na hakuna anayelala. Huku tulikuwa sisi wanne tu tukitazamana. Lakini Baba alikuwa na msemo wake: "Tumeacha nyumba, hatukuacha Krismasi." Kwa hiyo kila mwaka tulifanya mambo yale yale. Jumapili nne kabla ya sikukuu tuliimba jioni, na kila Jumapili mmoja wetu alichagua wimbo. Kifaranga alikata nyota kutoka kwenye boksi la sabuni, tukaibandika dirishani. Mama alitushonea nguo za kitambaa kimoja, wote wanne, tukipita njiani tunaonekana kama mapazia ya nyumba moja. Na kabla ya hayo yote, mwanzoni mwa Novemba, tuliandika barua.

Barua hiyo ilikuwa na sheria zake. Mwaka wa kwanza Baba aliandika kwamba kazi ni ngumu. Mama akafuta, eti watu wa kwetu watavunjika moyo. Baba akaandika tena, Mama akafuta tena, wakanuniana siku mbili nzima. Walipopatana wakaamua hivi: kila mtu ataandika aya yake kwenye karatasi yake, ataikunja mwenyewe na kuitia ndani ya bahasha, na hakuna wa kumchungulia mwenzake. Barua ingesomwa kwa mara ya kwanza kule kwetu, mbele ya kanisa zima, Jumapili ya kwanza ya Desemba.

"Aya ya mtu haiguswi," Baba alisema. "Hata ya Kifaranga, na achore mbuzi."

Mwaka wa pili Kifaranga alichora mbuzi kweli, tena mwenye miguu mitano. Mimi niliandika: "Mimi ni mzima. Nasoma. Nawasalimu." Majibu yalipokuja, kila mtu alimsifu mbuzi wa Kifaranga. Kuhusu mimi, mjomba mmoja aliuliza: "Na Kasuku je, amekuwa bubu siku hizi?" Alitania, najua. Lakini yaliniingia, na nilikaa nayo mwaka mzima.

Kwa hiyo mwaka wa tatu nilipokaa na karatasi yangu nikasema, liwalo na liwe. Nikaandika: "Nina watoto kumi na mmoja ninaowafundisha nyimbo na hadithi za Biblia hapa uani kila Jumamosi jioni. Wananipenda sana. Mmoja wao hana viatu, lakini hajawahi kukosa kuja." Nilipofika hapo machozi yalinilengalenga. Nilimwonea huruma mtoto yule, na wala hakuwapo! Nikaikunja karatasi haraka kabla sijabadili mawazo. Nilijiambia kuna ubaya gani, ni maneno tu, na yanakwenda mbali.

Yalikwenda mbali kweli. Kisha yakarudi na mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa Mama Katibu, katibu wa kamati ya makanisa yaliyotutuma. Alifika siku ya Jumatano, Krismasi ikiwa wiki ijayo, akiwa na kibegi chake kidogo na masanduku mawili makubwa yaliyomfanya dereva wa teksi ahesabu ngazi kwa sauti.

"Shikamoo, Mama Katibu," nilimwamkia mlangoni.

"Marahaba, mwanangu! Hebu nikuone! Jamani, huyu ndiye mwalimu mwenyewe?" Akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Mwalimu? Nilijua papo hapo.

Wakati wa chakula cha jioni aliyamwaga yote. "Mchungaji, sikufichi," alimwambia Baba. "Kamati ilikaa mwezi wa kumi. Miaka mitatu, watu tisa. Wengi walisema mrudi nyumbani. Na mimi mwenyewe niliinua mkono."

Baba aliweka kijiko chini. "Nilihisi," alisema.

"Sasa subiri. Barua yenu ikasomwa. Aya yako ilituhuzunisha. Ulisema, 'Tuko watu tisa, na siku nyingine sijui nifanye nini tena.' Halafu ikasomwa ya huyu binti. Watoto kumi na mmoja! Watu walisimama, Mchungaji. Walipiga makofi. Kamati ikakaa alasiri ile ile ikageuza uamuzi. Mmeongezewa miaka mitatu! Tulisema, mchungaji wetu anajishusha, mtoto ndiye katutobolea siri. Maana mtoto hawezi kudanganya jambo kama hilo."

Hebu fikiri: mimi niliyekuwa nikiomba kila siku turudi kwetu, mimi mwenyewe kwa mkono wangu nimetufunga pale miaka mitatu mingine. Kama ningeandika tena "Mimi ni mzima, nasoma," tungekuwa tunafunga mizigo.

Baba alikuwa ananitazama. "Watoto gani, Kasuku?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, na nilichotakiwa ni kutoka tu. Lakini Mama Katibu alikuwa anatabasamu, na Baba alikuwa amenikazia macho ambayo sikuwahi kuyaona, macho ya mtu anayeogopa kutumaini.

"Wale wa uani, Baba," nilisema. "Nilitaka iwe siri. Iwe zawadi yako ya Krismasi."

Nilingoja aseme, "Acha uongo wewe." Badala yake Baba alifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kutikisika. Maishani mwangu sikuwahi kumwona akilia. "Kumbe," alisema. "Kumbe hapa hapa mlangoni kwangu, na mimi natafuta mbali."

"Watoto gani?" Kifaranga aliuliza. "Mimi nacheza uani kila siku, sijawahi kuona..."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Aa! Mama, kanikanyaga!"

Mama alinitazama mimi, kisha akaanza kukusanya sahani ingawa watu walikuwa hawajamaliza kula. "Njoo unisaidie kuosha," aliniambia.

Jikoni alifungua bomba ili maji yafunike sauti yake. "Wanaitwa nani hao kumi na mmoja?"

"Ni wengi, Mama..."

"Nitajie watano. Haya, watatu. Basi mmoja."

Nilichukua kitambaa cha kufutia vyombo.

"Dirisha la zahanati linaangalia ngazi zetu," Mama alisema. "Kila siku nakuona umekaa peke yako, na kila siku jambo hilo linaniuma. Leo umeniongezea lingine." Alinipa sahani niifute. "Simwambii baba yako. Usidhani nakufichia siri. Aliyefunga fundo ndiye atakayelifungua. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumapili."

Mtu mwenye akili angekwenda sebuleni saa ile ile akatubu. Mimi nikaona njia nyingine. Kama watoto kumi na mmoja hawapo, si nitawatafuta? Masanduku yale mawili yalikuwa na zawadi zao. Mama Katibu alikuwa ameshatangaza kwamba Jumapili, katika ibada, kila mtoto ataitwa mbele apewe yake.

Alhamisi baada ya shule nilishuka ngazi zote, nikaenda hadi katikati ya uani. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wakasimama wakanitazama. Kiongozi wao alikuwa msichana wa rika langu, binti wa fundi baiskeli, waliyempa jina la Kengele kwa sababu alipenda kujaribu kengele zote za dukani kwa baba yake. Nilimsemesha kwa lugha yao, nikijikwaa kila neno la tatu.

"Jumapili mje kanisani kwetu. Mtapewa zawadi."

"Zawadi gani?" mvulana mmoja aliuliza.

"Nzuri. Lakini mtu akiwauliza, mseme mimi ni mwalimu wenu. Mseme nawafundisha kila Jumamosi."

Walitazamana, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kengele hakucheka. "Unafundisha nini?" aliuliza.

"Nyimbo."

"Tuimbie mmoja, basi."

Sauti haikutoka.

"Miaka yote unatupita hapa kama unapita nguzo za umeme," Kengele alisema. "Hata salamu hutupi. Leo unatutaka kwa sababu una shida. Kwa nini hukuja bila zawadi?"

"Mlinicheka," nilimwambia.

"Tulikucheka siku moja. Wewe umenuna miaka mitatu."

Nilipanda ngazi nikiwa nimejaa hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nyuma yangu mvulana yule alipiga kelele kwamba yeye atakuja, mradi zawadi iwe kubwa.

Nyumbani sikumkuta Baba. Alikuwa ukumbini tangu asubuhi. Mama Katibu alinieleza huku akicheka: "Baba yako amepata wazimu. Eti viti vile ni virefu kwa watoto, miguu itaning'inia. Ameomba mbao chakavu kwa jirani, anatengeneza mabenchi mawili." Kabla ya kuwa mchungaji, Baba alikuwa seremala. Tangu tuje huku sikuwa nimemwona akishika randa. Ijumaa pia alishinda huko. Aliporudi alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, anapiga mluzi. Alinishika bega akaniuliza, "Mdogo kabisa ana miaka mingapi?" Nikamwambia mitano. Uongo huo nao ulitoka bila kupiga hodi.

Jumamosi asubuhi Mama Katibu alifungua masanduku ili tupange zawadi. Kulikuwa na madaftari, penseli za rangi, mpira, mikanda ya nywele, na shati ambalo kola yake iligeuzwa ikashonwa upya. Kila kitu kilikuwa na jina la mtoto aliyekitoa. Si vitu vya dukani. Watoto wa kanisa letu walikuwa wamevitoa makabatini mwao.

Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na viatu vyeusi vya shule, vimepigwa rangi vikang'aa, na kipande cha karatasi kimesokotwa kwenye kiatu cha kushoto. Mwandiko niliujua kabla sijasoma. Ulikuwa wa binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye tulizaliwa mwezi mmoja na kugawana kila kitu mpaka siku tulipoondoka.

"Kwa mtoto asiye na viatu," aliandika. "Ni vyangu vya shule. Kile cha kulia kinabana kidogo, kanyaga taratibu kwanza. Mimi nitavaa ndala, si mbaya."

"Huyo binti!" Mama Katibu alisema. "Mama yake alimkataza, maana hana vingine. Akasema, 'Mwanafunzi wa Kasuku hana viatu na hakosi. Mimi ninavyo, na Jumapili nyingine nasingizia kuumwa tumbo.' Mama yake akamwacha avifungashe. Sasa anakwenda shule na ndala, mwalimu wake amemruhusu."

Nilishika kile kiatu, na ndipo uongo wangu ulipoanza kuwa na uzito mkononi. Mpaka dakika ile nilikuwa nikiogopa kukamatwa tu. Sasa niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu ajichukie. Binamu yangu alikuwa anatembea njia ya shule na ndala kwa ajili ya mtoto niliyemtunga ili nisifiwe.

"Unakwenda wapi?" Mama Katibu aliuliza. Nilikimbia mpaka ukumbini.

Benchi la kwanza lilikuwa tayari, limewekwa mbele ya viti. Baba alikuwa amepiga magoti, anasugua la pili kwa msasa. "Umekuja kupanga viti?" alisema bila kugeuka. "Njoo kwanza upapase hapa. Kama kuna kibanzi kimoja, nguo ya mtoto itachanika."

"Baba, hawapo."

"Nani hawapo?"

"Watoto. Hawapo, Baba. Nilidanganya."

Msasa ulisimama. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na yule asiye na viatu?"

"Hayupo."

Baba alibaki amepiga magoti, mkono wake juu ya mbao. "Nilikuwa nimemwekea nafasi hapa mwisho," alisema, "ili wenzake wasimkanyage vidole."

Nilitamani anichape. Nilitamani apige kelele mpaka fundi wa matairi aje kuchungulia. Hakufanya hivyo. Alikung'uta mikono, akainuka polepole na kuketi kwenye kiti kimoja, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote: ngazi, ukimya, mbuzi wa Kifaranga, maneno ya mjomba. Nikamwambia pia kwamba niliona aibu kwa ajili ya wale watu tisa.

"Uliona aibu," alisema. "Mimi sikuona." Kisha akasema, "Nenda ukamwambie Mama Katibu."

"Twende wote, Baba. Mwambie wewe."

"Twende wote. Lakini utasema wewe."

Mama Katibu alinisikiliza akiwa amekaa juu ya sanduku moja, viatu vya binamu yangu vikiwa mapajani pake. Nilipomaliza alivirudisha viatu ndani ya mfuko wake wa karatasi.

"Nilisimama mbele ya kanisa," alisema, "nikasema mtoto hawezi kudanganya. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu." Alimgeukia Baba. "Mchungaji, Jumatatu nitaipigia simu kamati. Siwezi kuwa mwongo wa pili. Unajua maana yake."

"Najua," Baba alisema. "Waambie waisome tena aya yangu. Ile ilikuwa ya kweli."

"Mama Katibu, tafadhali!" nililia. "Msimwadhibu Baba kwa kosa langu!"

"Hakuna anayemwadhibu, mwanangu. Miaka mitatu ile alipewa kwa sababu ya uongo wako. Sasa uongo umeondoka, na miaka nayo inaondoka."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la zahanati. Alinifuta uso kwa upindo wa koti, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta nikiwa mtoto mchafu. "Bado Jumapili," aliniambia. "Kuna watu umewaahidi."

Na kweli, Jumapili walikuja. Si kumi na mmoja. Walikuja wanne, wamechana nywele, na yule mvulana akiwa mbele amebeba mfuko mtupu wa kutilia zawadi. Niliwangoja nje. Niliwaambia kwa lugha yao, nikijikwaa vile vile, kwamba niliwadanganya, kwamba zawadi si zangu na zinarudishwa kwa wenyewe, na kwamba naomba radhi.

"Ebo! Nimeamka mapema bure?" mvulana alifoka. Akanitupia neno moja ambalo siwezi kuliandika hapa, akaondoka na wenzake wawili. Kengele alibaki.

"Hakuna zawadi," nilimwambia tena.

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Nimeshaoga, na nikirudi sasa hivi nyumbani nitapewa kazi. Kuna mahali pa kukaa?"

Aliingia akaketi peke yake katikati ya benchi la watu sita. Baba alipomwona alisita kidogo, akasafisha koo, akaendelea na wimbo. Baada ya mahubiri nilisimama mbele ya wale tisa, ambao Baba alikuwa amewatangazia habari njema ya watoto siku ya Alhamisi, nikawaambia ukweli. Bibi mmoja alitikisa kichwa. Hakuna aliyenipigia makofi, na sikustahili.

Krismasi ilikuja, tukavaa nguo za kitambaa kimoja, tukala kwa ukimya. Kamati ilijibu kabla ya mwaka mpya: turudi mwezi wa nne. Mama Katibu aliondoka na masanduku yote mawili, akaahidi kuvifikisha viatu kwa binamu yangu kabla shule hazijafunguliwa. Nilimpa barua ya kuwaomba radhi watoto wa kanisa letu, na safari hii niliisoma kwanza mbele ya wazazi wangu. Sheria ya kutochunguliana ilikufa siku ile, na mimi ndiye niliyeiua.

Jibu la binamu yangu lilikuja mwezi wa pili. Lilikuwa fupi. "Viatu nimevipata. Nilikuwa namwombea yule mtoto kila siku kabla sijalala. Sasa sijui nimwombee nani." Nimewahi kuchapwa, nimewahi kusemwa mbele ya darasa zima, lakini sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na karatasi ile.

Miezi hiyo mitatu niliyobakiza sikuketi tena ngazini. Niliteremka, nikasalimia, nikachekwa, nikacheka nami. Kengele alinifundisha kuziba pancha. Nilipoanza kumwona rafiki, siku zikawa zimekwisha. Nilikuwa nimelilia kwetu miaka mitatu, na siku ya kufunga mizigo nilitamani tubaki.

Siku hiyo tulikuwa mimi na Baba tu sebuleni, tunakaza kamba kwenye sanduku la vitabu. Nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Baba, umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ile, kabla sijanawa mikono."

"Kilichokuuma zaidi ni kuondoka?"

Alivuta kamba, akafunga fundo, akakaa juu ya sanduku. "Hapana. Kuondoka nilikuwa nimekutarajia. Kilichoniuma ni zile siku tatu, Jumatano hadi Jumamosi. Nilikuwa na furaha, Kasuku. Sikuwa nimefurahi vile tangu tufike. Niliwafikiria wale watoto mmoja mmoja, nikawapimia mahali pa kukaa. Ukiniibia kitu nitanunua kingine. Lakini ulinipa furaha, kisha ikawa haipo, na sasa hata nikipewa ya kweli nitaigeuza mara mbili kabla ya kuiamini. Hivyo ndivyo uongo unavyofanya. Haumwumizi mtu siku anapoujua tu, unamharibia na ukweli utakaokuja baadaye."

Nililia. Hakunizuia.

"Nisikilize vizuri, maana sitalirudia," alisema. "Watu tisa si wengi. Lakini walikuwa watu, wana majina, naweza kwenda kugonga milango yao leo wakafungua. Hao kumi na mmoja wako hawakuwa na hata mlango. Mtu akikuuliza una nini, mwambie ulicho nacho, hata kama ni kidogo mpaka unaona haya. Kidogo chako cha kweli kitakuvumilia. Na ukiona upweke, sema nina upweke. Ungeandika hivyo kwenye aya yako, kanisa zima lingekuombea wewe, na binamu yako angebaki na viatu vyake."

"Nimekusikia, Baba."

"Haya, futa machozi. Shika upande ule, tulitoe nje. Ni zito, usijitie nguvu usizo nazo. Likikushinda, useme."

Niliinama nikashika upande wangu. Tulipofika ngazini mikono ilianza kunitetemeka.

"Baba," nilisema, "limenishinda."

"Vizuri," alisema Baba. "Weka chini, tupumzike."